Koti Linalotazama Ukuta

Jumanne, 3 Machi

Daktari ametuambia leo. Moyo wa baba mkwe umechoka, maji yanapanda kutoka miguuni, na hakuna cha kuongeza juu ya dawa anazomeza. "Mrudishe nyumbani, umpe anachopenda," akaniambia, halafu akaanza kuitazama kalamu yake. Baba akamshukuru, akavaa kofia, akauliza, "Eti daktari, mvua wanasema inaanza lini mwaka huu?"

Tulipofika nje nikamwuliza, "Baba, umemwelewa?"

"Nimemwelewa vizuri. Wewe umeanua zile shuka za nyumba ya wageni?"

Sikuwa nimeanua. Tulizikuta zimelowa chepechepe, na hilo ndilo lilikuwa jibu la mvua. Nikalia huku nazikamua. Aliponiuliza, nikasema nalilia shuka.

Jumatano, 4 Machi

Mvua kutwa. Hakuna kilichokauka.

Ijumaa, 6 Machi

Siwezi kutulia. Nimenyoosha mashati ya mwalimu, nikayakunjua, nikayanyoosha tena. Nimepanga vibanio vya nguo kwa rangi, kazi isiyo na maana yoyote. Nikikaa chini naona miguu ya baba ilivyovimba, kwa hiyo sikai.

Niandike basi tulivyo, maana kuandika nako ni kazi ya mikono. Duka la udobi liko mbele, linatazama barabara. Uani kuna kamba, na nyuma ya uani vyumba viwili, changu na cha baba. Duka ni lake. Mume wangu alikuwa mwanawe wa kiume pekee, na tangu alipofariki, mwaka wa tatu sasa, tunaliendesha sisi wawili. Baba hupiga pasi, mimi hufua. Sasa nitafua na kupiga pasi.

Leo amekataa kulala chumbani. Anataka kitanda chake kiletwe dukani, nyuma ya meza ya pasi, eti kuna joto. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja kunisaidia kukibeba, akalalamika mgongo njia nzima kama aliyebeba nyumba. Kutoka hapo kitandani baba anaiona waya yote ya nguo juu, na anatoa amri bila kuinuka. "Hiyo sketi kazi imekwisha, igeuze."

Hiyo ndiyo sheria ya duka hili tangu kabla sijaolewa. Nguo ambayo kazi yake haijaisha hutundikwa ikitazama ukuta. Ikishafuliwa, ikanyooshwa, ikakaguliwa vifungo, hugeuzwa itazame mlango, imsubiri mwenyewe. Mteja akiingia anajua kabla hajauliza. Nguo yake ikimpa mgongo, arudi kesho.

Mwisho kabisa wa waya, pembeni, kuna shati moja la buluu linalotazama ukuta. Ni la mume wangu. Nililifua wiki aliyofariki na sijalinyoosha. Baba hajawahi kunitajia.

Jumapili, 8 Machi

Wifi amepiga simu kutoka huko mbali anakoishi. Kwa nini baba hayuko hospitali? Kwa nini amelala dukani kama mzigo wa nguo chafu? Nani aliamua? Nikamwambia aliyeamua yuko hapa, anakula ndizi, azungumze naye. Baba akamsikiliza binti yake mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mimi angalau niko chini tayari." Akacheka mpaka akakohoa. Wifi akakata simu.

Huyo wifi yangu anajua kuamrisha. Kuja kukamua shuka, hajui.

Jumanne, 10 Machi

Mvua.

Alhamisi, 12 Machi

Kinyozi tunamwita Mzee Wembe. Kila asubuhi anavuka barabara na bakuli lake la povu kumnyoa baba, halafu anakunywa chai yetu na kuanza ubishi. Wameanza ubishi huu ujanani na sidhani kama kuna aliyewahi kusogea hata hatua moja.

"Mtu akifa amekufa," Mzee Wembe akasema leo. "Taa ikizimwa huulizi mwanga umekwenda wapi."

"Taa yenyewe uliiwasha wewe?"

"Sikuiwasha."

"Basi unajuaje aliyeiwasha hana nyingine?"

Baba anasema anakwenda mahali. Anasema kama mtu anayekwenda kwa shemeji yake. Mkewe yuko huko, mwanawe yuko huko, na yeye ana maneno ya kumwambia kila mmoja. Mzee Wembe anasema hakuna huko wala huku, ila mchanga. Lakini nimemtazama. Mazishi yakipita barabarani huingia ndani kwake akafunga mlango, na kitandani kwa baba hakai, hunyoa amesimama. Anayesema kifo si kitu ndiye mwoga kuliko sisi wote. Na chai anakunywa vikombe viwili.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemwuliza baba waziwazi. Alikuwa anakagua vifungo vya blauzi kwa vidole, kitandani, maana hawezi kukaa bure.

"Baba, huogopi kweli?"

"Naogopa kukosa pumzi. Hilo linatisha, nisikudanganye. Kufa kwenyewe, hapana."

"Kwa nini?"

Akafikiri. "Wewe umeona watu wanavyokuja hapa. Mtu analeta nguo anayoipenda kuliko zote, ya harusi yake. Anamwachia mtu asiyemjua hata kwao, anaondoka mikono mitupu, na wala hageuki nyuma. Maisha yangu yote watu wameniamini mimi, dobi tu. Sasa mimi nishindwe kumwamini Mungu?"

Mzee Wembe alikuwa mlangoni akikunja mwavuli. "Lakini wewe umewahi kupoteza nguo," akasema.

"Mbili."

"Haya basi!"

"Mimi si Mungu, Wembe."

Nilicheka. Halafu nikaenda uani nikasimama kwenye mvua, kwa sababu nina hasira naye. Niandike ukweli: nina hasira na baba. Mtu akiondoka huku anatabasamu, anayebaki ajisikieje? Mume wangu naye aliondoka ghafla, hakuniachia hata neno la kushikilia. Nikifumba macho naona giza tu, na katika giza hilo yeye hayupo popote. Ndiyo maana silali.

Jumanne, 17 Machi

Nimeunguza suruali ya karani. Sababu ni hii.

Wazee walikuwa kwenye ubishi wao. Mzee Wembe akasema, "Maneno matupu hayavunji mfupa. Ukifika huko, niletee habari."

"Nitaleta. Unataka ishara gani?"

Mzee Wembe akazungusha macho dukani, akaona koti la baba la kijivu, lile la siku za heshima. Nililifua juzi na lilikuwa juu ya waya, mgongo kwetu. "Lile koti. Mwambie mkweo asiliguse. Likae hivyo hivyo linatazama ukuta. Wewe ukifika salama, ligeuze litazame mlango."

"Lini?"

"Wewe ndiye msafiri, sema wewe."

"Siku ya kwanza ya jua, mvua hizi zikiisha," baba akasema. "Sipendi kutembea kwenye tope."

Wakapeana mikono kama wauza ng'ombe. Na mimi nimesimama, pasi iko juu ya suruali ya watu, mpaka nikasikia harufu. Siku nzima sijawaza suruali. Nawaza koti. Mzee Wembe ametaka ishara kwa mzaha. Mimi naitaka kwa moyo wangu wote, na sikuthubutu kuiomba.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Kamba moja imekatika.

Jumapili, 22 Machi

Tumekausha soksi kwa pasi, moja moja. Baba amelala zaidi ya kawaida.

Alhamisi, 26 Machi

Leo ameniita nikae. Nikasema nina kazi. Akasema, "Kazi ninayo mimi ya kukupa." Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ile siku ya jua," akasema, "wewe utakuwa wa kwanza kuingia dukani. Kabla Wembe hajavuka barabara, ligeuze lile koti."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, damu ilinipanda. "Baba, huko ni kudanganya."

"Ndiyo."

"Wewe unayesali?"

"Hilo nitakwenda kulieleza mwenyewe." Akapumzika kidogo, maana sasa maneno yanamchosha. "Wembe hana mke, hana mtoto. Anaogopa tangu tulipokuwa vijana. Mimi naondoka, yeye anabaki peke yake na hofu yake. Nimpe nini kingine? Mikasi anayo."

"Lakini wewe si unasema utafika? Si utaligeuza mwenyewe?"

"Kufika nitafika. Kuruhusiwa kurudi kugeuza makoti, sijaahidiwa."

Hapo ndipo nilipouliza lililonikaa kooni. "Na mimi je, baba? Nikiligeuza mimi, mimi nitajuaje?"

Akanitazama kwa muda mrefu, kwa huruma, lakini akanyamaza. Halafu akasema, "Niahidi." Na mimi, mjinga, nikaahidi.

Ijumaa, 27 Machi

Ahadi ni deni. Sijala.

Jumatatu, 30 Machi

Nimekuwa mkali kwa kila mtu. Mteja mmoja amesema shati lake lina unyevu, nikamwambia akalalamike kwa mawingu. Baba akanikemea kutoka kitandani kwa sauti ndogo sana, na udogo wa sauti hiyo umenitia hofu kuliko kukemewa.

Kila nikiinua macho naona mgongo wa lile koti. Likigeuzwa na mkono wangu, basi sitajua kamwe kama lingegeuka lenyewe. Nitampa Mzee Wembe ishara yangu, nami nibaki bila kitu. Ananunua utulivu wa rafiki yake kwa kunipokonya mimi wa kwangu, na hata hakunijibu.

Alhamisi, 2 Aprili

Pumzi imembana baba leo. Nimemshika mgongo mpaka ikapita. Ilipopita akasema, "Hiyo ndiyo niliyokuwa nakuambia. Hiyo naiogopa." Nikamwambia hata mimi. Tukakaa hivyo, watu wawili waoga, mvua ikipiga bati. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari sikuwa na hasira naye.

Jumanne, 7 Aprili

Mzee Wembe amekuja na mvua ya kutisha, maji yakimfika magotini katikati ya barabara, bakuli la povu kalishika juu ya kichwa. Nikamwambia angesubiri ipungue. "Ndevu hazisubiri," akasema. Chai yake nimeweka sukari bila kuombwa.

Ijumaa, 10 Aprili

Baba amefariki leo asubuhi.

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiacha leo, kesho nitaanza kuyabadilisha.

Aliamka na akili zake timamu. Akauliza mvua, nikamwambia ipo. Akauliza mapazia ya mama mwenye duka la dawa, nikamwambia yametoka, amelipa, amefurahi. Alikunywa vijiko vichache vya uji. Mzee Wembe akaja, akamfunga taulo shingoni, akampaka povu. Wakaanza utani wao. "Ukinikata leo," baba akasema, "hutapata damu ya kutosha hata ya kujutia." Mzee Wembe akasema nyamaza, unatikisa shavu.

Mimi nilikuwa mezani nanyoosha foronya. Nikasikia baba akisema, "Haya, na upande huu," nikamwona akigeuza uso upande wa ukuta ili anyolewe shavu la pili. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Mzee Wembe alisuuza wembe kwenye bakuli, akainama, kisha akabaki ameinama vile vile. Hakuita. Niliona tu mkono wake umesimama hewani.

Nikaacha pasi, safari hii niliisimamisha vizuri, sijui kwa nini nakumbuka hilo. Nikaweka kiganja kwenye kifua cha baba. Nikaweka sikio. Hakukuwa na kitu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri zamu yake bila haraka, shavu moja safi, la pili jeupe kwa povu.

Nilidhani Mzee Wembe atakimbia. Nilimsubiri akimbie, nikamwonea huruma mapema, nikasema, "Mzee Wembe, mwache tu. Nenda kapumzike, nitaita watu."

Akatikisa kichwa. "Siwezi kumwacha nusu."

Akakaa. Yeye ambaye hakuwahi kukikalia kitanda kile, akakaa ukingoni, akamshika baba kidevu kwa vidole viwili, akamnyoa shavu la pili polepole mpaka chini ya sikio. Hakumkata. Akamfuta povu kwa taulo la moto, akamchana nyusi kwa kidole gumba, kama anavyowafanyia wateja wake wote. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka mdomoni na hakuyafuta.

"Sasa ita watu," akaniambia.

Nimemwita mwoga katika kurasa hizi. Nalifuta neno hilo.

Jumatatu, 13 Aprili

Tumemzika jana kwenye mvua. Wifi alifika akitoa amri kwa kila mtu, viti huku, maji kule. Leo nimemkuta peke yake dukani, kofia ya baba kaiweka usoni, anainusa. Nimekaa karibu naye. Kumbe zile amri zake zilikuwa namna yake ya kutokaa, kama vibanio vyangu.

Jumatano, 15 Aprili

Wifi ameondoka. Nimepanga vitu vya baba. Ufunguo wake wa duka sijauona. Labda ulibaki kwenye mfuko wa suruali, labda umezikwa naye. Angecheka.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua. Mzee Wembe amevuka barabara na bakuli la povu, akafika mpaka mlangoni, akakumbuka, akarudi.

Jumatano, 22 Aprili

Nimemwambia aje anywe chai tu, bakuli aliache. Amekuja. Ameketi kwenye kapu la nguo chafu akitazama koti, halafu mimi, halafu koti. Mimi nikajifanya natafuta kifungo. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi hata kuianza bado, tayari nimechoka.

Alhamisi, 30 Aprili

Kila asubuhi nikiingia naangalia kwanza. Linatazama ukuta. Nasema moyoni, baba, fanya haraka, ligeuze wewe kabla zamu yangu haijafika. Mvua bado inanyesha, kwa hiyo bado ana muda.

Jumatano, 6 Mei

Leo jua limechomoza! Nilianika kila kilichokuwa ndani, huku nikijua nimechelewa kuligeuza koti. Mzee Wembe alikuja mbio, akatazama juu, akakuta koti bado linatazama ukuta. Adhuhuri kikadondoka kinyunyu, hata vumbi hakikulowesha.

"Hii haihesabiki!" Mzee Wembe akasema kwa nguvu.

"Haihesabiki kabisa," nikasema.

"Siku ya jua ni siku ya jua. Hii ni siku ya kinyunyu."

Tulikubaliana haraka mno. Nilijiuliza baadaye, yeye alikuwa na haraka ya nini.

Jumanne, 12 Mei

Mvua ya mwisho mwisho, ya manyunyu. Wateja wameanza kuleta mablanketi.

Alhamisi, 21 Mei

Jana jioni mawingu yalikatika yote. Leo nimeamka alfajiri na anga lilikuwa safi kama sahani. Nikajua ndiyo siku yenyewe.

Nikavuka uani nikafungua mlango wa nyuma wa duka. Umeme hakuna, milango ya mbele imefungwa, ndani giza. Nilisimama pale kizingitini. Niliogopa kutazama, na niseme niliogopa nini: niliogopa nitazame nione mgongo wa koti, na nijue kwamba baba hakuja, na mume wangu hayupo popote, na mimi nitakwenda hukohuko kusiko na kitu. Bila kutazama, angalau ningebaki na labda. Basi nikafumba macho kabisa. Nikapanda kigoda, nikapapasa waya mpaka nikakigusa kile kitambaa kizito cha koti, nikalishika hanga lake, nikalizungusha, nikashuka, nikatoka mbio uani kuanika mablanketi ya watu. Nimetimiza, nikasema. Nilikuwa nalia kwa hasira.

Jua lilipopanda nikafungua milango ya mbele. Mzee Wembe alikuwa ameshasimama barabarani, kavaa shati safi, nywele kajichana. Akaingia. Ajabu ni kwamba hakutazama juu. Alinitazama mimi usoni, kama anayesubiri niseme kitu.

"Umeamkaje, mkwe?"

"Salama."

"Jua limetoka."

"Limetoka."

"Huoni... huoni kitu?"

"Wewe je, mzee? Hebu tazama juu."

"Tazama wewe."

Tukatazama wote wawili kwa pamoja. Koti lilikuwa linatazama ukuta.

Mzee Wembe akakaa kwenye kapu. Mimi nikashika meza. Nataka kuandika sawasawa nilichokihisi wakati ule, kwa sababu ulikuwa mfupi na hautarudi. Nilijua kwa mikono yangu kwamba nililigeuza. Kama sasa limerudi, basi kuna aliyelirudisha. Niliamini. Nilijua baba yupo dukani, amekataa uongo wangu, na kwamba wote wako, wote, na mume wangu miongoni mwao. Na sikuogopa. Nilikuwa na furaha tu, na hamu ya kumsalimia.

"Lakini mimi nililigeuza!" nikapiga kelele.

"Mimi nililigeuza!" Mzee Wembe akasema wakati huohuo.

Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Wewe uligeuza nini?" nikamwuliza.

Akatoa mfukoni ufunguo wa baba, ule nilioudhania umezikwa, akauweka mezani. "Nimeingia kabla hujaamka. Nikaligeuza, nikafunga, nikarudi kwangu. Alinipa kazi hiyo yeye mwenyewe, na ufunguo juu. Alisema, 'Wembe, yule binti hajalala tangu mwanangu afariki. Mimi niendako najua, lakini yeye kila siku anatazama lile shati la buluu. Siku ya jua, kabla hajaingia dukani, ligeuze koti, aone.' Nikamwambia mimi siamini hayo. Akasema, 'Sikukuambia uamini, nimekuambia ugeuze.' Akaniapisha, mkwe. Mimi!"

"Na mimi aliniambia niligeuze kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Alisema una hofu tangu ujana."

Mzee Wembe akauchukua tena ufunguo mezani, akaugeuza mkononi. "Mimi nilimwuliza," akasema taratibu, "nikamwambia, na mimi je? Nikiligeuza mimi, mimi nitajuaje?"

"Akajibu nini?"

"Alininyamazia."

"Alininyamazia na mimi."

Yeye kaligeuza likatazama mlango. Mimi nikaja na macho yangu yaliyofumbwa nikalirudisha ukutani. Nani alianza kucheka sikumbuki. Mteja aliyeleta zulia alitukuta tumeshikana mabega, tunalia na kucheka, akauliza kuna nini, Mzee Wembe akamwambia, "Marehemu ametufunga bao!" Yule mteja akaacha zulia lake akaondoka bila kugeuka nyuma, na hilo nalo likatuchekesha upya.

Tulipotulia nikamwuliza, "Uliamini? Ule muda kabla hatujasema?"

Akajimiminia chai. "Niliamini."

"Uliogopa?"

"Ajabu, hapana. Nilitaka kumwambia amenyolewa vizuri."

Akanywa chai. Halafu akasema lile koti haliwezi kubaki hivyo, linaumiza shingo. Nikapanda kigoda, yeye akakishika kisitikisike, na tukaligeuza litazame mlango, mchana kweupe, macho yetu wazi.

"Hii haihesabiki kama ishara," akasema.

"Haihesabiki. Ni kazi tu. Kazi yake imekwisha."

Ijumaa, 22 Mei

Nimelala mpaka jua limeingia chumbani. Mzee Wembe amefungua duka kwa ufunguo wake. Nimemwambia akae nao.

Kama kuna mahali au hakuna, bado sijui, na Mzee Wembe ameshaanza tena habari za taa. Ila najua nilivyokuwa kwa ule muda mfupi nilipodhani wapo. Sikuwa na swali hata moja. Nikifa na mimi, naomba niende hivyo, na hamu ya kusalimia.

Baada ya chai nimelishusha shati la buluu. Lilikuwa na vumbi mabegani, nikalifua upya, likakauka kabla ya adhuhuri kwa jua hili. Nikalinyoosha kama baba alivyonifundisha, kola kwanza, halafu mikono, mgongo mwisho. Kifungo kimoja kilikuwa kinalegea, nikakikaza. Nilipomaliza nikapanda kigoda, nikalitundika karibu na koti la baba yake, na nikaligeuza litazame mlango.